Mshenga wa Damu

Mchungaji Ishmael alikwenda Kisumu kwenye mkutano wa wachungaji, akarudi Kiogoro na koti jipya na sheria mpya. Koti lilimbana yeye mabegani. Sheria ilimbana Nyasani.

Sheria yenyewe ilikuwa fupi. Kuanzia mwaka ule wa 1951, hakuna mwanamume wala mwanamke ambaye angefungishwa ndoa kanisani kabla hospitali ya mjini haijaipima damu yake. Mchungaji aliitangaza baada ya mahubiri. Alisema maradhi ya siri yameenea nchini tangu vijana waliporudi kutoka vitani. Mungu hutazama moyo, daktari hutazama damu, na kanisa lenye hekima huwatumia wote wawili. Waumini wakaitikia amina. Nyasani aliitikia kabla yao, maana alikuwa mzee wa kiti cha mbele, na mzee wa kiti cha mbele huitikia kwanza, akafikiri baadaye.

Alipofika nyumbani ndipo alipofikiri.

Mkewe alikuwa amefariki, watoto wameoa na kuolewa, na nyumba ilikuwa imepoa hata panya wameihama. Kwa neema ya Mungu alikuwa amempata Nyaboke, mjane wa kule Nyaramba, mwanamke wa maombi na wa jembe, ambaye migomba yake ilijulikana kwa majina kama ng'ombe. Posa ilikuwa imekubaliwa. Hakuipeleka yeye, bila shaka. Katika nchi ya Wagusii mtu hajipelekei posa. Humtuma mshenga, ambaye wao humwita esigani, naye mshenga huingia nyumba ya watu, akaulizwa kama kwa yule aliyemtuma kuna uchawi, kuna kifafa, kuna mkono mwepesi wa kupiga. Anachojibu mshenga ndicho alichojibu mwenyewe. Akisifiwa, amesifiwa aliyemtuma. Mshenga wa Nyasani alikuwa Makori, shemasi, na kila kitu kilikuwa kimekwenda sawasawa mpaka Mchungaji alipokwenda Kisumu.

Shida ya Nyasani haikuwa maradhi ya siri. Ilikuwa pombe.

Siku alipobatizwa alikuwa ameapa mbele ya kanisa kwamba midomo yake haitagusa tena chungu cha pombe. Na haikugusa. Lakini kaka yake Onchiri, ambaye hakuwa mtu wa kanisa, alikuwa na ng'ombe mgonjwa, na Nyasani alikwenda kumjulia hali ng'ombe huyo karibu kila alasiri. Ng'ombe alikuwa ameugua kwa miaka mingi, na katika ugonjwa huo alikuwa amezaa ndama watatu wenye afya. Nyuma ya nyumba ya Onchiri palikuwa na chungu cha pombe ya wimbi, ya moto, na wazee wamekizunguka, kila mmoja na mrija wake mrefu. Nyasani alikaa mbali kidogo na wengine, na mrija wake ulikuwa mrefu kuliko yote. Kiapo kilitaja chungu. Mrija haukutajwa.

Hoja hiyo ilikuwa imemtosha mbele ya binadamu, na siku za mvua ilimtosha hata mbele ya Mungu. Lakini mbele ya damu? Alijua vizuri habari za ile damu ya ndugu aliyeuawa shambani, iliyolia kutoka ardhini hata ikasikika mbinguni. Ikiwa damu iliyonywewa na udongo iliweza kusema hivyo, ya kwake ingesema nini ikiwekwa chini ya kioo cha Mzungu? Tena anayeipima ni Jaffer, kijana wa ukoo wa Waislamu wa mjini, watu walioikimbia pombe tangu kuzaliwa. Huyo angeitambua kama swala anavyotambua harufu ya chui.

Aliomba. Alipiga magoti kwa kweli, akamsihi Mungu amsafishie damu kabla ya Jumatano, siku ya kupimwa. Jumanne ng'ombe wa Onchiri akazidiwa.

Ilikuwa pale pale, mrija ukiwa mdomoni, ndipo wazo lilipomjia, likaja limevaa nguo za heshima kabisa. Kinywa cha Makori kilikuwa kimekwenda Nyaramba kwa niaba ya kinywa chake, na hakuna aliyesema ni udanganyifu. Sasa hospitali nayo ilikuwa inauliza maswali yale yale ya nyumba ya mchumba: kuna nini ndani ya mtu huyu? Swali la mchumba hujibiwa na mshenga. Basi mshenga na aende akajibu, safari hii kwa mkono.

Na hakukuwa na mkono bora zaidi. Makori hakunywa pombe, hakunywa chai, hakuvuta tumbaku, na moshi wa kiko cha mtu mwingine ukimpitia usoni alikwenda mtoni kunawa. Mwanzoni alikataa. Alisema kwamba hilo ni uongo, na kwamba njia ya mwongo ni fupi. Nyasani hakubishana. Aliuliza tu, kwa upole, ni damu ya nani ambayo Makori angependa Jaffer na daktari Mzungu waione kuwa ndiyo damu ya Wakristo wa Kiogoro: ya kizee kilichochoka kama yeye Nyasani, au ya mtu aliyejitunza? Makori akautazama mkono wake. Kisha akauliza kama hospitali huwa wanatamka kwa sauti jinsi damu ya mtu ilivyo safi, au wanaandika tu.

Jumatano alioga mara mbili, akavaa nguo za ibada.

Walikwenda pamoja. Wakaketi kwenye benchi la nje, na mle ndani mlikuwa na harufu ya spiriti na ya sindano zinazochemshwa. Jaffer alipoita jina la Nyasani, Nyasani aliinuka nusu, akakumbuka, akajifanya anaweka sawa suruali yake. Makori aliinuka mzima.

"Na wewe, mzee wangu?" Jaffer alimuuliza Nyasani.

"Mimi ni mshenga wake," alisema Nyasani, akaingia naye.

Jaffer alimfunga Makori mpira juu ya kiwiko, akamwambia akaze ngumi, akaupapasa mshipa kwa kidole kama mtu anayetafuta ndizi iliyoiva. Bomba la sindano lilikuwa la kioo, na sindano yenyewe ilimfanya Nyasani ageukie dirishani, ingawa si yeye aliyechomwa. Makori hakupepesa macho. Aliitazama damu yake ikipanda ndani ya kioo jinsi mtu anavyomtazama mwanawe akisoma mbele ya wageni. Jaffer akaimimina kwenye kichupa, akaeleza kwamba itaachwa igande, na yale maji ya manjano yatakayobaki juu yatapelekwa Kisumu kupimwa kaswende. Kisha akamdunga kidole, tone moja akalipaka juu ya kipande cha kioo ili alitafute homa kwa hadubini. Tone jingine alilifyonza kwa karatasi nyeupe, akalipeleka kwenye mwanga wa dirisha na kulilinganisha na ukanda uliochorwa rangi nyekundu za kila namna, kuanzia nyekundu ya nyanya inayoanza kuiva hadi nyekundu ya ini.

Nyasani aliukodolea macho ukanda ule. Aliamini kwamba hizo ndizo daraja za dhambi, na akamshukuru Mungu kwamba tone lililokuwa pale halikuwa lake.

"Damu imejaa," Jaffer alisema. "Mzee huyu ana nguvu."

Makori aliurudia usemi huo njia nzima mpaka Kiogoro. Nyumbani alimwonyesha mkewe alama ya sindano, na alama ilipoanza kufifia akamwonyesha mahali ilipokuwa.

Zilipita wiki kadhaa. Mchungaji hakuwa mtu wa kuamini karatasi iliyopitia mfukoni mwa muumini, kwa hiyo alipanda baiskeli akaenda mwenyewe kusikia jibu kwa masikio yake. Aliporudi hakusalimia mtu njiani. Aliita baraza la wazee siku ile ile, nyumbani kwake, akafunga mlango. Akasema kwamba jibu kutoka Kisumu limekuja, na kwamba damu ya ndugu yetu Nyasani ina kaswende.

Nyasani alisikia jina lake, na kwa muda mfupi alimhurumia mtu huyo. Kisha akamtazama Makori. Makori alikuwa anaitazama dari.

Mchungaji aliuliza kama ndugu Nyasani ana neno. Nyasani alifungua kinywa. Angesema damu ile si yake, angeulizwa kwa nini hakupeleka yake, na jibu la swali hilo lilikuwa limekaa nyuma ya nyumba ya Onchiri likitoa mvuke. Akafunga kinywa. Basi Mchungaji akamgeukia mshenga, kwa kuwa ndiye aliyekwenda Nyaramba kusema kwamba nyumba ile haina doa, akamtaka aseme.

Hapa angeweza kusema kweli, au angeweza kusema kidogo. Makori alisema mengi. Alianza kwa sauti ndogo, lakini mtu aliyezoea kuhubiri akishasimama, miguu humwongoza. Alisema juu ya makaburi yaliyopakwa chokaa. Alisema juu ya wale wanaokaa viti vya mbele. Alisema mshenga naye hudanganywa, na kwamba afadhali mkono mmoja ukatwe kuliko mwili wote kuoza, na aliposema mkono, mkono wake wa kushoto, ule uliochomwa, ulijificha nyuma ya mgongo wake wenyewe. Wazee waliguswa sana. Wakaamua Nyasani aondoke kiti cha mbele, posa isimamishwe, na watu wa Nyaramba wajulishwe kwa heshima.

Nyasani alimngoja nyuma ya zizi la Mchungaji.

"Makori, unajua ile ni damu ya nani."

"Ilikwenda kwa jina lako, ndugu," alijibu Makori, bila kumtazama. "Mshenga akitukanwa, aliyetukanwa ni aliyemtuma. Wewe ndiye uliyenifundisha."

Habari haikungoja wajumbe wa heshima. Ilitangulia Nyaramba pamoja na akina mama wa sokoni, ikiwa imefungwa vizuri katikati ya habari za bei ya ndizi. Nyasani alipopata fununu kwamba Nyaboke ameshasikia, hakulala vizuri. Angemtuma nani sasa? Alimpitisha kila mtu kichwani, mmoja mmoja, akawakuta wote wana masikio na wana ndimi. Asubuhi akachukua fimbo yake, akaenda mwenyewe. Alipanda lori la mboga, akashuka, akatembea sehemu iliyobaki, akafika Nyaramba alasiri, vumbi likiwa limempanda hadi magotini.

Nyaboke alikuwa anaanika wimbi uani. Hakusimama. Alimsogezea kigoda kwa mguu.

"Karibu, omogaka, mzee wangu. Leo mshenga ni mgonjwa?"

Alimwambia yote. Alikusudia kumwambia nusu, lakini yule mama hakumuuliza kitu, aliendelea tu kutandaza nafaka kwa kiganja, na kimya cha mwanamke anayefanya kazi kina nguvu ya kuchota maneno kuliko baraza zima. Akaeleza habari za chungu, za mrija, za ng'ombe, za benchi la hospitali, za hotuba ya Makori. Alipofika kwa Onchiri, Nyaboke alitikisa kichwa.

"Hilo la pombe nalijua. Wimbi wa Onchiri hutoka hapa kwangu. Nilidhani unajua ninajua."

Nyasani aliutazama ule wimbi uliotandazwa uani, akaona kwamba kwa miaka yote ile alikuwa amejificha ndani ya shamba la mtu huyu huyu ambaye alitaka asimwone.

"Midomo yako iliutuma mrija," Nyaboke akaendelea, akihesabu kwa vidole vyenye vumbi. "Kinywa chako kilimtuma Makori. Damu yako nayo ikamtuma Makori. Mimi nilikwenda hospitali mwenyewe, nikachomwa mwenyewe, nikalia mwenyewe. Sasa nikuulize kitu kimoja, omogaka. Siku ya harusi utakuja, au utamtuma mtu? Na baada ya harusi?"

Hakungoja jibu. Alisema ana sharti moja: siku ya ibada atakuja Kiogoro, akae upande wa wanawake. Asipomsikia Nyasani akijisemea kwa kinywa chake, atarudi Nyaramba kwa lori la jioni, na asitumiwe mtu.

Kanisa lilijaa, kwa sababu waumini hujua bila kuambiwa siku ambayo kuna kitu. Nyasani alisimama kutoka benchi la mwisho. Alisema damu iliyopelekwa Kisumu haikuwa yake. Alisema aliogopa kupeleka yake kwa kuwa inakunywa pombe, kisha akajisahihisha, akasema hapana, anayekunywa ni yeye. Hakuna aliyeshtuka sana. Baadhi ya wazee walitazama viatu vyao, na mmoja aliyekuwa na mrija kule kwa Onchiri akaanza kukohoa.

Mchungaji akauliza, basi ni damu ya nani?

Nyasani akaketi. Alikuja kujitaja, hakuja kumtaja mtu. Upande wa wanawake mke wa Makori alikuwa amegeuka, anamtazama mumewe mkono wa kushoto, mahali pale alipoonyeshwa mara nyingi kiasi kile. Akaanza kuinuka. Makori aliona, akawahi kusimama yeye.

"Ni yangu," alisema, na hakuongeza mahubiri.

Sasa kanisa likashtuka. Pombe ya Nyasani ilikuwa habari, lakini kaswende ya Makori ilikuwa tetemeko la nchi. Ikiwa mtu asiyekunywa hata chai yuko hivi, wanaokunywa wakoje? Wanawake walianza kuwatazama waume zao, safu kwa safu. Mchungaji aliona moto unataka kushika nyasi, akatangaza haraka kwamba wazee wote wa kanisa watakwenda kupimwa, na yeye mwenyewe atakuwa wa kwanza, awe mfano. Nyasani akaomba aende nao. Akaruhusiwa.

Mfano ulipofika mlango wa hospitali ulikumbuka kwamba mchungaji mwema huwaswaga kondoo kwanza, akaingia wa mwisho.

Majibu yalipokuja, wazee waliitwa tena mjini. Zaidi ya nusu walikuwa na jibu lile lile la Makori. Walikaa kwenye benchi wakiwa wameinamisha vichwa, kila mmoja akikumbuka ujana wake na kuona hautoshi kuleta adhabu kubwa namna hii. Jaffer alitoka, akawatazama, akawaomba wapandishe suruali.

Walisitasita, kisha wakapandisha. Kwenye miundi ile ya wazee kulikuwa na makovu, ya mviringo, meupe, ya zamani. Kila mtu wa rika lao aliyajua. Yalikuwa makovu ya buba, ule ugonjwa wa vidonda walioupata wakiwa watoto wachunga mbuzi, kabla sindano hazijafika vijijini.

"Mwenye kovu usidhani kapoa," alisema Jaffer. "Kipimo hiki hakitofautishi buba na kaswende. Damu inakumbuka iliwahi kupigana na adui wa ukoo ule. Haisemi alikuwa ndugu yupi."

Mchungaji alimuuliza kwa ukali kwa nini hakumwambia hivyo tangu mwanzo.

"Ulikuja na baiskeli, bwana, ukaniuliza: ndiyo au hapana?" Jaffer alijibu. "Hukushuka hata kwenye baiskeli."

Daktari aliamuru kwamba wenye jibu lile wachomwe sindano wote, ya buba au ya kaswende dawa ni moja. Wakaingia nyuma ya pazia mmoja mmoja. Makori aliingia akatoka akimshukuru Mungu kwa sauti kwamba alipata vidonda utotoni. Mchungaji Ishmael naye aliitwa jina. Alitoka polepole, na safari hii kilichombana hakikuwa koti.

Nyasani alibaki kwenye benchi. Jibu lake lilikuwa hapana. Hakuwahi kuugua buba. Mama yake alimzuia kucheza na wenzake. Alikuwa na homa kidogo katika damu, akapewa dawa chungu, na tone lake kwenye ule ukanda wa rangi nyekundu lilikuwa limeangukia kwenye nyanya inayoanza kuiva. Jaffer akamwambia damu yake ni chache, ale mboga na maini.

Alingoja kidogo, kofia mkononi. Alikuwa amekwisha kujitaja mbele ya kanisa zima, lakini alitaka kujua.

"Na ile pombe, mwanangu? Uliionaje, kwa hadubini au kwa ile karatasi?"

Jaffer alicheka mpaka akaweka kichupa mezani.

"Mzee wangu, hatuna kipimo cha pombe hapa. Na tungekihitaji kwa nini? Ile siku ya kwanza, ulipokaa kwenye benchi ukasema wewe ni mshenga, nilifungua madirisha yote mawili."

Sheria ya Mchungaji haikufutwa. Ilisahauliwa tu, kama mwavuli siku ya jua. Siku ya ibada iliyofuata alihubiri juu ya rehema, kwa ufupi, na ibada nzima hakuketi.

Ndoa ilifungwa baada ya mavuno ya wimbi. Mwaka ule Nyaboke hakumuuzia Onchiri, na ng'ombe wake, kwa maombi ya wengi, akapona. Makori alikaa kiti cha mbele, maana kwa mila alikuwa bado mshenga, na mshenga hafukuzwi mpaka bibi arusi aingie nyumbani. Mchungaji akauliza kama bwana arusi anakubali kumchukua Nyaboke. Makori, kwa mazoea, alisafisha koo na kuanza kuinuka.

Nyaboke akageuka, akamtazama. Makori akaketi.

"Ninakubali," alisema Nyasani, na sauti ilikuwa ndogo na ya kukwaruza, lakini ilikuwa yake.